Maswali ya Wasomaji: Kubadili Herufi za Mfumo Katika Kompyuta za Zamani

Barua nne zilizofika mezani kwangu zinazungumzia jambo moja kwa njia tofauti, nalo ni herufi ambazo kompyuta ya zamani huzitumia yenyewe katika menyu, majina ya mafaili, vichwa vya madirisha na ujumbe inaotutolea. Nimeamua kuzijibu zote katika toleo hili, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu shida iliyomo humo naikuta karibu katika kila ofisi ndogo ninayoingia, iwe ya Moshi au ya hapa Arusha.

SWALI. Ndugu mwandishi, salamu kutoka Kibosho. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na umri wangu umeshavuka miaka 60. Ofisini tuna kompyuta ya Windows XP yenye programu ya kupokelea kahawa, na programu hiyo inakataa kufanya kazi katika mashine mpya. Kioo chake ni bapa, cha inchi 17. Msimu uliopita nilisoma kilo 83 za mkulima mmoja kama kilo 88, ikatubidi turudie hesabu za siku nzima mbele ya watu. Kijana niliyemwita anisaidie alikishusha kioo hadi 800 kwa 600. Herufi zilikuwa kubwa kweli, lakini sasa zina ukungu, na vitufe vya chini vya programu vimetoka nje ya kioo. Je, naweza kukuza herufi bila kuharibu vitu vingine?
*Katibu, Kibosho, Moshi*

JIBU. Shikamoo Katibu. Naanza na kosa la kilo 83, kwa sababu ningependa uache kuyalaumu macho yako peke yake. Nimewasha mashine yangu ya Windows XP, nikaweka lenzi ya kukuzia juu ya kioo, nikahesabu nukta, yaani vijidoa vidogo vinavyojenga picha. Herufi za kawaida za mfumo huo ni fonti iitwayo Tahoma, kwa ukubwa wa pointi 8. Pointi moja ni sehemu moja ya 72 ya inchi, na Windows huchukulia kwamba kila inchi ya kioo ina nukta 96, kwa hiyo pointi 8 zinakuwa nukta 11 hivi, ukijumlisha herufi nzima na nafasi ya mikia yake. Herufi ndogo kama e inabaki na nukta 6 tu za kwenda juu, na tarakimu inapata nukta 8. Ndani ya nukta hizo 8, tofauti kati ya 3 na 8 ni nukta chache za upande wa kushoto, ambazo katika 8 zimewaka na katika 3 hazijawaka. Mtu yeyote anayesoma mistari mia mbili ya mizani kwa siku, tena jioni ofisi ikiwa imeanza kuingia giza, ataikosa tofauti hiyo siku moja.

Sasa kuhusu alichofanya kijana. Nia yake ilikuwa njema, lakini alishika mahali pasipostahili kushikwa. Kioo bapa kina nukta za kudumu zilizotengenezwa kiwandani, na cha inchi 17 cha aina hiyo kwa kawaida kina nukta 1280 kwa upana na 1024 kwa urefu. Ukikiagiza kionyeshe 800 kwa 600, kila nukta ya picha inalazimika kusambazwa juu ya nukta 1.6 za kioo kwa upana na nukta 1.7 hivi kwa urefu. Kwa kuwa nukta haikatwi, kioo huchanganya rangi za jirani ili kujaza pengo, na huo ndio ukungu unaouona. Zaidi ya hapo, vipimo hivyo viwili havilingani, kwa hiyo hata herufi zenyewe zinavutwa kidogo kwenda juu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu pa uso wa kompyuta, chagua Properties, ingia kichupo cha Settings, urudishe kipimo hadi 1280 kwa 1024. Vitufe vya programu yako vitarudi mahali pake. Herufi zitakuwa ndogo tena, lakini kali, na kuanzia hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kabla hujagusa chochote kingine, hifadhi hali iliyopo. Katika dirisha hilohilo kuna kichupo cha Themes chenye kitufe cha Save As. Hifadhi mandhari ya sasa kwa jina utakalolikumbuka, kama vile "Kabla ya kubadili", kwa kuwa faili hilo hubeba pia aina na ukubwa wa herufi zote za mfumo, na siku mambo yakienda kombo utalichagua tu na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Naisisitiza hatua hii kwa sababu naiona ikirukwa na watu wote, mafundi wakiwemo, na barua inayofuata itakuonyesha gharama yake.

Baada ya hapo ingia kichupo cha Appearance. Chini yake kuna orodha ya Font size yenye ngazi tatu, yaani Normal, Large Fonts na Extra Large Fonts. Watu wengi huishia hapo, na kwa wengi inatosha. Lakini ukibofya kitufe cha Advanced utafunguliwa dirisha dogo lenye picha ya madirisha ya mfano na orodha iitwayo Item, ambamo kila sehemu ya mfumo inapewa herufi zake peke yake. Menu ni menyu zote. Icon ni majina yaliyo chini ya picha za usoni, na ndiyo hiyohiyo inayotawala majina ya mafaili ndani ya folda, jambo ambalo jina lake halikuambii. Message Box ni maneno ya ujumbe unaokuuliza kama una hakika ya kufuta. ToolTip ni kile kisanduku kidogo cha njano kinachotokea unapoacha kipanya juu ya kitu, pamoja na mstari wa taarifa ulio chini ya madirisha. Active Title Bar ni kichwa cha dirisha, na ukiibadilisha hiyo, ya Inactive Title Bar inafuata yenyewe. Kwako ningeweka pointi 11 kwa Menu, Icon na Message Box, na vingine ningeviacha. Kwa pointi 11 herufi inapata nukta 15 na tarakimu inapata nukta 11 badala ya 8, na hapo tundu la kushoto la tarakimu 3 linaonekana bila kukunja uso.

Usibadilishe fonti yenyewe kwa sababu tu orodha ni ndefu na inavutia. Tahoma ilichorwa na Matthew Carter mahsusi kwa ajili ya kioo cha kompyuta, na ndugu yake aitwaye Verdana, wa mchoraji huyohuyo, ni mpana zaidi na una nafasi kubwa kati ya herufi na herufi. Fonti hizi mbili zina sifa moja ambayo nadhani haithaminiwi vya kutosha: herufi kubwa I ina vijimstari juu na chini, kwa hiyo haifanani na l ndogo. Andika neno Ilboru kwa Arial, kisha uliandike kwa Verdana, uyatazame pamoja. Katika Arial neno linaanza na vijiti viwili vilivyosimama bega kwa bega, na asiyelijua eneo hilo la Arusha hawezi kusema kipi ni kipi. Katika Verdana hakuna wa kubahatisha. Kwa daftari la wanachama, ambamo majina na namba ndiyo mali yenyewe, hilo si pambo. Kama Tahoma haikutoshi, hamia Verdana, wala usihangaike na nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo Windows XP inalo lakini inakuja likiwa limezimwa. Katika kichupo hicho cha Appearance bofya Effects, weka alama kwenye mstari unaohusu kulainisha kingo za herufi, kisha uchague ClearType badala ya Standard. Microsoft iliitangaza mbinu hii mwaka 1998, na inatumia ukweli kwamba kila nukta ya kioo bapa imegawanyika katika vijistari vitatu, chekundu, cha kijani na cha bluu. Badala ya kuiwasha au kuizima nukta nzima, ClearType huwasha kijistari kimoja kimoja, na kingo za herufi zikawa laini mara tatu zaidi kwa upande wa upana. Kwa vioo vile vya zamani vyenye mgongo mkubwa haisaidii, lakini kwa kioo chako itasaidia sana.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo sitaki ulikute wewe mwenyewe ukakata tamaa. Mabadiliko yote niliyoyaeleza yanagusa herufi za mfumo. Maneno na tarakimu zilizomo ndani ya programu ya kahawa huenda zisitikisike hata kidogo, kwa sababu programu nyingi za miaka ile zilitengenezwa zikiwa na fonti zilizokwisha kuchaguliwa na mtengenezaji. Dawa ya hizo ni kubadili hesabu ya nukta kwa inchi. Rudi katika Settings, bofya Advanced, na katika kichupo cha General utakuta DPI setting ikiwa 96. Ipandishe hadi 120 na uwashe kompyuta upya. Kuanzia hapo kila kitu kilichopimwa kwa pointi kitakua kwa robo, hata ndani ya programu nyingi, na zile pointi 8 zitapata nukta 13. Ukifanya hivyo, punguza zile pointi 11 za menyu hadi 9, maana kipimo kimekua chini yake, na ukiacha vyote viwili utapata menyu zinazokula nusu ya kioo.

Ijaribu hatua hiyo siku isiyo ya mapokezi. Programu nyingine za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya nukta 120, na maneno yake hukatika mwishoni au kitufe kikajificha nyuma ya kingine. Fungua kila dirisha la programu, kuanzia la kuandikia kilo hadi la kuchapishia stakabadhi, ulikague. Ukiona kitu kimekatika, rudisha 96 na uwashe upya, hakuna kitakachopotea. Ufahamu pia kwamba katika Windows XP hesabu hiyo ya nukta inawahusu wote wanaotumia mashine, ilhali herufi za Appearance ni za kila mtumiaji katika akaunti yake. Kama karani wako kijana hapendi herufi kubwa, mfungulie akaunti yake na wewe ubaki na yako.

Huenda ukashauriwa na mtu uingie ndani ya rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya ndani ya mfumo, mahali panapoitwa FontSubstitutes, ambako jina MS Shell Dlg limeelekezwa kwenye Microsoft Sans Serif. Ni kweli kwamba madirisha mengi ya programu za zamani huomba herufi kwa jina hilo, na ukiliandika upya kuwa Tahoma yatabadilika. Lakini kinachobadilika ni umbo la herufi, ukubwa wake unabaki uleule, na shida yako wewe ni ukubwa. Sioni sababu ya kuihatarisha mashine yenye hesabu za wakulima kwa faida ambayo huihitaji.

SWALI. Shikamoo mwalimu. Nina steshenari ndogo Ngarenaro, natumia Windows 7. Mdogo wangu alikuwa anatengeneza kadi za harusi, akapenda fonti moja ya kuandikia kwa madaha, akaamua kuiweka mpaka kwenye menyu. Sasa menyu zote na majina ya mafaili yameandikwa kwa mikunjo ambayo siwezi kuisoma, na wateja wanasubiri. Fundi mmoja kaniambia dawa ni kupiga Windows upya. Ni kweli?
*Mwenye steshenari, Ngarenaro, Arusha*

JIBU. Marahaba, mwanangu. Si kweli, na tafadhali usimpe mtu yeyote mashine yako aifute kwa sababu hiyo. Windows yako haijaharibika. Kilichobadilika ni maagizo machache yaliyoandikwa katika akaunti yako pekee, na ukitaka kuthibitisha, fungua akaunti mpya ya mtumiaji uingie humo, utakuta menyu zote ziko katika hali yake ya kawaida.

Kurudi unakotaka hakuhitaji kuisoma mikunjo hiyo, kwa kuwa mahali pa vitu hapajabadilika. Bofya kitufe cha kulia mahali patupu pa uso wa kompyuta, na katika menyu itakayotokea ubofye mstari wa mwisho kabisa, ambao ni Personalize. Katika dirisha litakalofunguka, chini kuna picha nne zilizopangwa mstari mmoja. Ya pili kutoka kushoto ni Window Color. Humo ndani, chini kabisa, kuna mstari wa bluu wa Advanced appearance settings, nao utakupeleka kwenye dirisha la Item nililomweleza Katibu wa Kibosho. Fonti ya mfumo katika Windows 7 inaitwa Segoe UI, kwa ukubwa wa pointi 9. Irudishe kwa kila kipengele chenye sehemu ya herufi, mmoja baada ya mwingine, kisha ubofye Apply. Ukikwama njiani, tumia System Restore uirudishe mashine katika siku iliyotangulia mabadiliko hayo, kama kuna siku iliyohifadhiwa. Mafaili yako ya kazi hayaguswi.

Mwambie mdogo wako kwamba fonti ya kadi inaonekana nzuri kwa sababu imechapwa kubwa na inasomwa mara moja. Menyu inasomwa kwa nukta 12 tu, mara mia kwa siku. Na umweleze vilevile kwamba herufi za mfumo haziathiri kinachotoka kwenye printa. Kadi ingetoka na fonti yake hata kama menyu zingebaki na Segoe UI.

SWALI. Ndugu mhariri, ninakusanya methali na hadithi za wazee wetu kwa Kimaasai, huku Ilkiding'a. Naandika kwa herufi zenye ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, na ndani ya hati zinaonekana vizuri. Lakini nikihifadhi faili kwa jina la hadithi yenyewe, katika folda ya Windows XP naona visanduku vitupu badala ya herufi hizo. Je, majina yameharibika?
*Mkusanyaji, Ilkiding'a, Arusha*

JIBU. Hayajaharibika. Kompyuta huhifadhi jina la faili kama mfululizo wa namba, kila herufi na namba yake, na namba ya ɛ imehifadhiwa salama. Inapofika zamu ya kulionyesha jina hilo, mfumo huiomba fonti ya Icon mchoro wa namba ile. Fonti ikiwa haina mchoro huo, hutoa kisanduku kitupu. Ndani ya hati yako umechagua fonti yenye herufi hizo, ndiyo maana humo unazisoma bila shida. Kwa hiyo usibadilishe majina ya mafaili kwa kuandika e badala ya ɛ. Katika lugha ambayo herufi hizo mbili hutenganisha maana, utakuwa umeyaharibu kwa mkono wako yale ambayo kompyuta haikuyaharibu.

Badilisha fonti ya Icon peke yake, kwa njia niliyoieleza katika jibu la kwanza. Iliyo karibu nawe ni Lucida Sans Unicode, ambayo tayari imo ndani ya Windows XP na ina herufi zote nne ulizozitaja pamoja na ŋ. Lakini kwa kazi yako ningependa uijaribu Andika. Shirika la SIL, linaloshughulika na lugha zisizo na maandishi mengi, liliitengeneza fonti hiyo kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na jina lake limetoka katika Kiswahili chetu hikihiki. Herufi a na g zimechorwa kwa umbo la mwandiko wa mkono ambalo mtoto hufundishwa darasani, I kubwa na l ndogo hazichanganyiki, na leseni yake inakuruhusu kuitumia na kuigawa bila malipo. Kwangu mimi ni jambo la furaha kwamba mtu wa Ilkiding'a anaweza kuyasoma majina ya hadithi za Ilarusa, yaani Waarusha, katika kompyuta ya zamani kwa fonti yenye jina la Kiswahili. Jambo moja tu ulitazamie: mistari ya Andika ina nafasi kubwa juu na chini, ili alama za toni zipate pa kukaa, kwa hiyo folda yako itaonyesha mafaili machache kwa wakati mmoja. Anza na pointi 9.

Kuisakinisha, fungua Control Panel, ingia Fonts, kisha katika menyu ya File uchague Install New Font. Fonti ichukue kwa watengenezaji wenyewe, na nalisema hili kwa uzito. Katika mifumo hii ya zamani, kazi ya kusoma fonti hufanywa na kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka yote juu ya mashine. Mwaka 2011 programu ya kijasusi iliyoitwa Duqu iliingia katika kompyuta za watu kupitia hati ya Word iliyobeba fonti yenye hila, ikitumia udhaifu wa sehemu hiyohiyo. Microsoft iliuziba udhaifu huo Desemba mwaka huohuo, lakini huduma ya Windows XP ilikoma tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo udhaifu mpya wa aina hiyo ukigunduliwa leo hakuna anayeuziba. Zile mikusanyo za "fonti elfu moja za bure" zinazopita kutoka flashi hadi flashi mjini hapa, usiziingize katika mashine yenye kazi ya miaka yako.

Nakuongezea dokezo ambalo hukuliuliza, kwa sababu jina la mahali pako limenikumbusha. Alama ya ng' inaweza kuandikwa kwa kijimstari kilichonyooka au kwa kilichopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Word hupenda kukipindisha chenyewe unapoandika, ilhali jina la faili ulilolichapa kwa kibodi lina kilichonyooka. Ukitafuta Ilkiding'a kwa kimoja, yaliyoandikwa kwa kingine hayatatokea. Chagua kimoja ukishike kote.

SWALI. Nina Windows 7 niliyoipanga herufi zake nikazizoea. Shule yetu hapa Moshi inataka tuhamie Windows 10. Nitaweza kuzipanga vilevile?
*Mwalimu, Majengo, Moshi*

JIBU. Hapana, Mwalimu, na mimi nalihesabu hilo kuwa hasara ya kweli. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa dirisha la Advanced appearance, ikaacha tu uwezo wa kubadili ukubwa wa herufi za kila sehemu. Mwaka 2017 Windows 10 ikauondoa hata huo. Toleo la Oktoba 2018 likarudisha kitelezi kimoja kiitwacho Make text bigger, ambacho hukuza maandishi yote kwa pamoja bila kukuuliza menyu unazitaka vipi na majina ya mafaili vipi. Aina ya fonti haibadilishwi tena isipokuwa kwa kuihariri rejista, na kwa mashine ya shule nisingefanya hivyo.

Uwaeleze pia wakuu wako kwamba huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine zenu ni za umri wa Windows 7, waombe mjaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, katika moja kabla ya kuamua. Huko utakuta sehemu nzima ya kuchagua fonti, ambapo fonti ya kawaida inayotumika kwenye menyu, ya vichwa vya madirisha na ya uso wa kompyuta kila moja ina mstari wake na ukubwa wake. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski, kwa hiyo jaribio lenyewe linahitaji flashi ya gigabaiti 4 na saa moja ya jioni baada ya vipindi.